Kumwombea Mtoto Asiyeumwa

Wiki ya kwanza tulipohamia Ruaruke, mama mkwe alipiga simu kutoka Njombe. Hakuuliza nyumba ina vyumba vingapi wala maji tunayachota wapi. Aliuliza, "Mmeshapata pa kusali?" Mume wangu akanitazama, nami nikatazama masanduku ambayo tulikuwa hatujayafungua. "Bado, mama," akasema, "lakini tunatafuta." Ukweli ni kwamba tulikuwa hatujaanza kutafuta.

Mume wangu ni bwana shamba. Alihamishiwa Wilaya ya Kibiti kwa ajili ya korosho, zao ambalo kwetu nyanda za juu tulilijua likiwa limeshakaangwa na kutiwa kwenye mfuko. Mimi ni mwalimu. Niliomba uhamisho nimfuate, nikapewa shule ya msingi ya hapo hapo kijijini. Tulikuja na watoto wawili, binti wa miaka kumi na miwili na mdogo wake wa kiume wa miaka mitano. Sisi ni Walutheri tangu enzi za mababu. Kanisa letu kule nyumbani ni la mawe, lina kwaya tatu na kikundi cha matarumbeta, na asubuhi ya ukungu unayasikia matarumbeta kabla hujaliona jengo. Sijawahi kutafuta kanisa maishani mwangu. Nilizaliwa nikalikuta, kama nilivyoukuta mlima.

Ruaruke walitupokea vizuri. Majirani zetu wote ni Waislamu, na bibi wa nyumba ya pili, Mndengereko mzaliwa wa pale, alituletea sahani ya wali wa nazi na samaki hata kabla hatujatandika vitanda. Jumapili yetu ya kwanza alitukuta tumekaa uani tunachambua mchicha.

"Leo si siku yenu?" akauliza. "Mbona mmekaa?"

"Hatujui pa kwenda, bibi."

"Hamjui?" Alisimama na ufagio mkononi akitusubiri tuseme jambo la maana zaidi. "Miye niumwe, nipone, swala siiachi. Ulizeni, wanangu. Kuuliza si ujinga."

Jumapili iliyofuata tukaenda Kibiti mjini. Mume wangu alitupeleka barabarani kwa pikipiki ya ofisi, safari mbili, huku akisema kila mara kwamba pikipiki ile haikutolewa kwa kazi hiyo. Tuliingia kwa Wakatoliki kwa sababu kengele yao ndiyo tuliyoisikia. Walitukaribisha, wakatusogezea nafasi kwenye benchi. Ilipofika komunyo, benchi zima likainuka kwenda mbele, tukabaki sisi wanne tumekaa. Binti yangu akaninong'oneza, "Mama, tumefanya kosa gani?"

Jumapili ya tatu tukaenda kwa walokole waliokuwa wakisalia chini ya turubai. Spika zilikuwa kubwa kuliko mwanangu mdogo, naye alikaa ibada nzima ameziba masikio. Wageni tukasimamishwa. Kijana mwenye kipaza sauti akamfuata mume wangu, mtu asiyependa hata kuimba siku yake ya kuzaliwa, akamwuliza, "Mgeni wetu, Bwana amekuambia nini njiani?" Mume wangu akafikiri, akajibu, "Njia ni mbovu." Watu walicheka sana, kwa upendo tu, lakini yeye alipofika nyumbani alivua shati na kusema huko harudi.

Jumapili ya nne tulisali sebuleni. Tulikuwa wanne, na mmoja akasinzia.

Aliyetuonyesha njia ni mama mmoja wa Mbeya aliyekuwa akiuza dagaa gulioni. Nilikuwa nachagua dagaa huku nikiimba kimoyomoyo, kumbe si kimoyomoyo. Akaweka kopo chini. "Wimbo huo naujua," akasema. "Wewe ni wa kwetu." Akanielekeza kwenye ghala la zamani la korosho, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwangu, ng'ambo ya kijito. "Tuko wachache," akasema, "lakini tupo."

Walikuwa kumi na mmoja. Mwinjilisti na mkewe, mama wa dagaa, nesi wa zahanati, fundi pikipiki mmoja, mzee mchoma mkaa, na familia ya wafugaji wa Kisukuma, baba, mama na watoto watatu, waliokuja na ng'ombe zao bonde la Rufiji. Mabenchi yalikuwa ya boriti za mikoko, yamepigwa randa juu tu. Hewa ya mle ndani ilikuwa na harufu ya maganda ya korosho ambayo hata leo nikiisikia shambani najikuta nimesimama.

Mwinjilisti alikuwa seremala. Alikuja pwani akiwa kijana kutoka upande wa Songea, akitafuta kazi ya kujenga, akabaki. Ghala lile lilihesabiwa kuwa mtaa wa kanisa letu, yaani tawi dogo lisilo na mchungaji wake, na mchungaji alifika mara moja kwa miezi kadhaa kutoa chakula cha Bwana. Jumapili nyingine zote ni seremala huyo aliyesoma, aliyehubiri na aliyefagia. Tulipoingia alikuwa anasoma matangazo. Akaacha katikati, akatuhesabu kwa macho, akasema, "Kumi na tano." Alisema kwa sauti ya chini, si kwa ajili yetu. Kisha akavua miwani akaifuta, na watu wakatusubiri tukae.

Ndani ya mwezi mmoja mume wangu alikuwa mzee wa kanisa na mimi mwalimu wa watoto. Watoto wenyewe walikuwa watano, wawili wakiwa wangu. Jumapili moja tulikuta kibenchi kifupi kimewekwa mbele, kimepigwa msasa mpaka kinateleza. Mwinjilisti alikuwa ameona miguu ya mwanangu mdogo ikining'inia. Mkewe, mama mnene mwenye cheko la haraka na miguu inayovimba, alianza kuniita mwanangu. Mtu alipouliza kama sisi watumishi wa serikali tutakaa au tutaomba uhamisho kama wengine, mimi ndiye niliyejibu. Nilisimama nikasema, "Sisi tumefika. Tutakuwa pamoja nanyi." Walipiga makofi. Hakuna aliyenilazimisha kusema vile.

Binti yangu alikuwa ameacha darasa la kipaimara katikati kule Njombe. Mwinjilisti akajitolea kumfundisha peke yake, kila Jumatano saa kumi jioni, barazani kwetu. Alikuja kwa miguu kutoka kazini, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nywele. Nilikuwa nawasikia kutoka jikoni. Siku moja binti alimwuliza, "Kama Mungu yuko kila mahali, kwa nini sisi tulihangaika kutafuta kanisa?"

"Sijui," mwinjilisti akasema. "Niache nifikiri mpaka Jumatano."

Jumatano akaja na jibu. "Nimefikiri. Naona ni kwa sababu sisi hatuko kila mahali." Binti aliliandika kwenye daftari lake. Shuleni hakuwa na rafiki bado, wenzake walikuwa wakimcheka matamshi yake ya bara. Jumatano ndiyo siku aliyochana nywele bila kuambiwa.

Haya yote nayasema ili ijulikane kwamba hatukukosewa jambo lolote pale. Nilichoka tu. Mwinjilisti alihubiri kwa muda mrefu, na mifano yake ilikuwa ile ile ya mbao, msumari na kona iliyokataa kukaa sawa. Tulipoimba, mzee wa mkaa alianza juu mno na hakuna aliyemrekebisha. Dada yangu aliniomba nimrekodie ibada kwa simu aone tunakosali. Nilirekodi, nikaitazama, nikaifuta. Nikamwambia simu iliisha chaji.

Ndipo mwalimu mwenzangu anayekaa Kibiti aliponialika kanisani kwao. Halikuwa dhehebu letu hasa, lakini waliimba nyimbo zile zile. "Njoo utembee tu," akaniambia. Nikaenda peke yangu Jumapili moja, nikimwambia mume wangu kwamba nina semina. Kwaya ilikuwa na sauti nne. Sauti ya pili, yangu, ilipoingia, machozi yalinitoka. Darasa la watoto lilijaa chumba kizima. Baada ya ibada watu walisimama nje wakiongea habari za madaraja ya walimu na mikopo ya nyumba, na kila nililosema lilieleweka mara moja. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, na wepesi huo ulikuwa na doa, kwa sababu nilijua kwa hesabu rahisi kwamba siku ile ghalani walikuwa kumi na wanne na watoto hawakuwa na mwalimu.

Kisha mvua zikaja. Zilinyesha wiki nzima, mto ukafurika, kule bondeni watu wakahamishwa na mashamba ya mpunga yakazama. Kwetu huku juu kijito kilijaa kikachukua daraja la magogo. Jumapili tatu hatukuweza kuvuka kwenda ghalani, na hilo halikuwa uongo. Lakini barabara ya kwenda lami ilikuwa inapitika. Tukaenda Kibiti wote wanne. Mume wangu alipendezwa kwa sababu hakuna aliyemsimamisha, na mdogo alipendezwa kwa sababu walimpa biskuti. Maji yalipopungua na wanakijiji wakaweka magogo mapya, tukaendelea kwenda Kibiti.

"Tuwaambie basi," mume wangu akasema Jumapili ya tano au ya sita, tukiwa tunavaa.

"Wewe ndiye mzee wa kanisa," nikamjibu. "Waambie wewe."

"Na wewe ndiye uliyesimama ukasema tumefika."

Tukamalizia kuvaa. Binti alikuwa mlangoni na daftari lake la kipaimara kwapani. "Mimi nimeshaanza na mwinjilisti," akasema. "Kibiti wanaanza upya." Nikamwambia tutaona. Neno hilo, tutaona, nililitumia sana miezi ile.

Wakati wa mafuriko masomo ya Jumatano yalikuwa yamesimama. Siku moja, daraja likiwa limeshatengenezwa, nikiwa jikoni nakuna nazi, nilichungulia dirishani nikamwona mwinjilisti anakuja njiani, suruali ameikunja magotini, mfuko begani. Ningeweza kutoka na kusema, karibu, mzee, tuna jambo la kuwaeleza. Yalikuwa maneno sita tu. Badala yake nikamwita binti kwa mkono, haraka.

"Mwambie sipo. Nimeenda Kibiti."

"Na akiuliza kwa nini hatuji?"

Nikatazama huku na huku kama mtu anayetafuta kitambaa cha kushikia sufuria. "Mwambie mdogo wako anaumwa."

Alinitazama. Sijui kama nimewahi kutazamwa vile na mtu ninayemzidi umri. Kisha akatoka. Nikasimama nyuma ya mlango wa jikoni, mbuzi ya nazi bado iko pale sakafuni, mikono imejaa machicha.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mama yupo?"

"Hayupo. Ameenda Kibiti. Mdogo wangu anaumwa. Ndiyo maana hatujaja."

"Anaumwa nini?"

Hilo sikuwa nimemwambia. "Homa," binti akasema. "Inaenda na kurudi."

Alisema vizuri sana. Sauti yake haikutetemeka, na hilo ndilo lililoniuma. Nilimsikia mwinjilisti akiweka mfuko chini. "Yuko ndani? Amelala? Basi usimwamshe." Kisha nikasikia anaomba. Alisimama pale uani akamwombea mwanangu kwa jina lake, homa imtoke, mifupa yake ipate nguvu, wazazi wake wapewe moyo katika kipindi hiki kigumu. Aliomba kama anavyohubiri, kwa kirefu. Mwanangu wakati huo alikuwa nyumba ya pili, kwa bibi, anafukuza kuku, na sauti yake ya kucheka ilikuwa inafika mpaka jikoni. Mwinjilisti kama aliisikia, aliidhania ya mtoto mwingine.

Alipomaliza, binti akasema, "Amina." Mimi nikaning'inia kwenye neno hilo kama nguo kwenye msumari.

Aliacha mapapai mawili na kipande cha ubao alichokuwa amemchongea binti kama kiegemeo cha kuwekea kitabu asomapo. Binti aliviweka mezani, akapita mbele yangu bila kunitazama, akaenda kumwita mdogo wake aje aoge.

Jioni ile bibi jirani alirudisha kopo nililomwazima. Hakukaa. "Miye siingilii ya watu," akasema, akitazama pembeni. "Nilikuwa naanika mpunga, masikio hayana pazia. Lakini mwalimu, ugonjwa hauitwi. Mtoto haombewi ugonjwa asiokuwa nao, usije ukaisikia njia ukamfuata." Akaondoka. Tangu siku hiyo mwanangu akikohoa mara moja nilikuwa namshika shingo kupima joto.

Mwili wake haukupata homa. Kilichotokea ni kingine.

Wiki mbili baadaye nilikutana na mama wa dagaa gulioni. Nilikuwa nimeanza kukwepa upande wake, siku hiyo akanizukia kutoka nyuma. Alinikumbatia. "Mtoto anaendeleaje? Tumefunga kwa ajili yake siku tatu, sisi wote."

"Anaendelea vizuri," nikasema. "Mungu ni mwema."

"Kila wakati," akaitikia, akanijazia kopo la dagaa mpaka likamwagika, akakataa malipo.

Nilikwenda nao nyumbani. Sikuweza kuwapika. Wala sikuweza kuwatupa, nikampa jirani.

Ningependa kusema kwamba siku hiyo nilikwenda kukiri. Sikwenda. Zilipita wiki nyingine nyingi, na tulikuwa Kibiti kila Jumapili, na nikajiunga na kwaya. Kilichonisukuma ni jambo dogo. Mchana mmoja wa likizo mtu alibisha hodi, mgeni tu, kijana wa kuuza vyombo vya plastiki. Nilikuwa nafua uani. Binti akaja kusimama mbele yangu, akauliza kwa heshima, kama anavyouliza kama aongeze chumvi, "Mama, niseme upo au haupo?"

Nikaiacha nguo ndani ya beseni. Nilimwambia aseme nipo. Kisha nikavaa gauni la heshima, nikachukua kanga, nikavuka magogo.

Ghala lilikuwa limefungwa kufuli jipya. Kijana aliyekuwa akifagia mbele yake aliniambia mwenye ghala amelichukua tena, msimu wa korosho unakaribia. Mwinjilisti nilimkuta nyumbani kwake, kwenye karakana ya makuti, anapiga randa fremu ya mlango. Aliponiona akatabasamu, akapangusa kigoda kwa kofia yake.

"Mama mwalimu! Karibu. Mtoto?"

"Mtoto hakuwahi kuumwa," nikasema. Nilikuwa nimesimama bado. "Siku ile nilikuwepo. Nilikuwa nyuma ya mlango. Binti nilimtuma mimi. Tulikuwa tumeshahamia kanisa la Kibiti, nikaona haya kukuambia."

Randa ilikuwa mkononi mwake. Aliiweka juu ya fremu polepole, akaitazama kama kazi ya mtu mwingine. Nilitegemea aseme jambo la Biblia. Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo la Biblia.

"Mke wangu alifunga," akasema mwishowe. "Unajua ana sukari. Nilimkataza. Akaniambia, mtoto wa mwalimu anaumwa, mimi nitakulaje? Siku ya tatu akaanguka jikoni. Nesi ndiye aliyemkimbiza kituo cha afya. Alilala huko siku nne."

Sikujua. Mama wa dagaa hakuniambia, labda walikubaliana wasituongezee mzigo, kwa kuwa tuna mgonjwa.

"Nisamehe, mzee," nikasema.

"Sina la kusema leo," akasema. "Ukitaka kuja, njoo siku nyingine. Leo naona nitasema vibaya." Akaichukua randa, akaendelea na kazi, akaikosea fremu, nikaona mkwaruzo mrefu ukitokea kwenye mbao nzuri.

Nilitaka kuondoka, lakini mkewe alikuwa amenisikia. Aliniita kutoka ndani. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, amepungua kiasi kwamba nguo ilimwelea. Nikapiga magoti pale mlangoni nikamweleza tena tangu mwanzo, na safari hii sikuruka la semina wala la video niliyoifuta.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo mtoto ni mzima?" akauliza.

"Ni mzima, mama."

"Hajawahi kupata hata homa?"

"Hajawahi."

Akacheka. Lilikuwa cheko lake lile lile la haraka, limekonda kidogo. "Namshukuru Mungu," akasema. "Nilikuwa nimeota vibaya juu yake." Akaomba nimsogezee maji. Nilimsogezea, akanywa, akaniuliza kama binti anaendelea na masomo. Nilidhani kusamehewa kungenitua mzigo, kumbe unaweza kusamehewa na bado ukatoka nje miguu ikiwa mizito. Alinisamehe haraka mno. Sikupata nafasi ya kulipa chochote.

Nilipofika nyumbani nilimwambia binti kila kitu, pamoja na habari ya yule mama kuanguka. Nilimwambia kosa lile ni langu, si lake. Alikuwa anamenya viazi. Aliendelea kumenya, maganda yakitoka membamba, marefu.

"Lakini homa nilisema mimi," akasema. "Wewe ulisema anaumwa tu."

"Ningekwambia useme homa, kama ungeniuliza."

"Ndiyo," akasema. Akafikiri. "Naomba Jumatano niende mimi kwao. Asije yeye."

Tukaenda wote wawili. Mwinjilisti alitoka barazani, binti akasema lake kwa maneno yake, mimi nikiwa nimekaa mbali nisimsaidie. Alilia, na mwinjilisti alimpa kofia yake afutie uso, kofia imejaa vumbi la mbao, akawa na uso wa njano. Walianza somo pale walipoliacha. Mimi mwinjilisti alinisalimia, "Habari za nyumbani, mwalimu." Zamani alikuwa ananiita mama mwalimu.

Sasa hivi ndivyo tunavyoishi. Mume wangu na mdogo wanakwenda Kibiti, naye amewaandikia wazee wa kanisa barua ya kujiuzulu, ukurasa mmoja, ya kiofisi, imeanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Mimi na binti tunavuka magogo. Ibada iko barazani kwa mwinjilisti. Wafugaji walihama na ng'ombe zao baada ya mafuriko, hawakuaga mtu, na nesi alipata uhamisho. Tuko saba, wanane mchungaji akifika. Darasa la watoto halipo kwa sababu mtoto ni mmoja, binti yangu, na yeye ana mwalimu wake. Kwaya ya Kibiti waliniuliza kwa nini nimeacha. Niliwaambia ukweli, kwa kifupi, na mmoja wao akaniambia nimejitesa bure, kanisa ni popote. Huenda ni kweli. Sikumbishia.

Siendi pale kwa sababu nimekuwa mtu mwema. Mzee wa mkaa bado anaanza wimbo juu mno. Mahubiri bado ni marefu, na kuna Jumapili nakaa nikiitamani sauti ya pili ya Kibiti. Pia najua kwamba wale wafugaji wangehama hata kama tungekuwepo, na mwenye ghala angelitaka ghala lake. Najiambia hivyo, kisha namwona mke wa mwinjilisti akiinuka kwa kushika nguzo, na maelezo yote yananiishia.

Mwezi uliopita, wakati wa maombi, mwinjilisti aliuliza kama kuna mwenye mgonjwa. Mama wa dagaa akasema mjukuu wake ana tumbo. Mwinjilisti akatuangalia mmoja mmoja, macho yake yakanifikia, yakasimama. Nilidhani atapita. "Mwalimu," akasema, "mwombee huyo mtoto."

Nilisimama. Nilimwuliza mama wa dagaa jina la mtoto, umri wake, na tumbo limeanza lini, na kama wamempeleka hospitali. Akajibu yote. Kisha nikaomba, kwa kifupi kuliko mtu yeyote aliyewahi kuomba pale, na mke wa mwinjilisti akaitikia "Amina" kwa sauti, akaniashiria nikae karibu naye kwenye mkeka.